Kisanduku Alichokiacha Wazi

Dada yangu anatengeneza meno. Siyo daktari, watu wanachanganya. Daktari anakaa mbele, kwenye chumba chenye taa kubwa na kiti kinacholala, na mgonjwa aliyekodoa macho. Dada yangu anakaa nyuma, mlango wa mwisho kwenye korido ya hospitali, ukuta mmoja na chumba cha kufulia mashuka. Daktari anambandika mgonjwa uji mzito wa kupimia mdomoni, unaganda, unatoka na sura ya fizi. Ule unaletwa kwa dada kwenye trei, pamoja na kadi. Dada anamimina plasta, anapata taya la mtu asiyemjua, analipangia meno juu ya nta, jino moja moja, halafu anapika kwenye tanuri dogo.

Wateja wake anawajua kwa fizi. Siku moja tuko sokoni akanigusa kiwiko. "Yule mama anayechagua vitunguu, safu ya juu yote ni yangu." Yule mama alikuwa anacheka na muuzaji, meno yanawaka. Nikamwambia dada amsalimie.

"Hanijui," akasema. "Na nikimsalimia atajua kuna watu wanajua."

Ndivyo alivyo. Mimi nachomelea mageti, na nikichomelea geti zuri nataka hata ng'ombe wa jirani ajue ni la kwangu. Yeye hapana. Mtaani wanamwita Sista Magego, anaitika, basi.

Chuo alisoma miaka mitatu kwa mkopo. Milioni tatu, riba asilimia sita kwa mwaka. Mama alipoona ile karatasi alikaa chini. Mimi shule niliiachia njiani, kwa hiyo nilipiga hesabu yangu ya mtaani nikasema, asilimia sita ya milioni tatu ni laki na themanini, ongeza kwenye tatu, maliza. Dada akanicheka mpaka akavua miwani.

"Hiyo ni ya mwaka mmoja tu, tena kama deni limesimama," akasema. "Riba inakula kilichobaki, kila mwezi. Rejesho langu ni arobaini na tano elfu. Mwezi wa kwanza, kumi na tano ni ya riba. Thelathini tu ndiyo inagusa deni. Mwezi wa pili deni limepungua kidogo, na riba inapungua kidogo."

"Kwa hiyo unaisha lini?"

"Miezi themanini na miwili."

"Miaka saba karibu! Si ungeolewa tu na deni lenyewe?"

"Ndiyo maana nitaongeza ishirini," akasema. "Nikilipa sitini na tano, inayogusa deni ni hamsini, siyo thelathini. Nalimaliza miezi hamsini na mitatu. Yaani miaka miwili na zaidi nimeikata."

Hizo ishirini hazikutoka kwenye mshahara. Mshahara wa chumba cha nyuma unajulikana. Zilitoka kwenye meno yaliyovunjika. Watu wanaangusha meno yao kwenye sinki, wanayakalia, kuna mmoja mbwa alimtafunia. Wanaona aibu kurudi hospitali, wanamletea dada nyumbani yamefungwa kwenye leso. Anawaunganishia mezani kwa mama, kwa malipo ya kawaida, na hamwambii mtu. Hata mimi najua ya yule wa mbwa tu, kwa sababu alama za mbwa zilionekana.

Kila mwezi tarehe tano anaenda benki. Anajaza fomu ya nakala tatu, anapanga foleni, analipa sitini na tano, anarudi na nakala yake, anaibana kwenye daftari. Kwenye daftari ameandika kila mwezi: kiasi, riba, kilichogusa deni, kilichobaki. Wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Ya dada ilikuwa na daftari, lenye jalada la nailoni, na ikapotea hivyo hivyo.

Hapa lazima niseme habari ya kadi.

Mwezi wake wa pili kazini ililetwa kadi ya mzee mmoja. Daktari ameandika rangi ya meno, nyeupe kabisa. Dada akatazama taya la plasta, akasoma umri kwenye kadi, miaka sabini na nne. Chini ya kadi kuna kisanduku kimeandikwa "Maelezo". Akaandika humo kwa peni: "Rangi hii ni nyeupe mno kwa mzee huyu." Saa hiyo hiyo daktari akashuka korido na ile kadi ameishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Nani amekuambia uandike hapa?"

"Nimeona tu, daktari, kwamba..."

"Hiki kisanduku ni cha daktari. Wewe unasoma. Umeelewa? Unasoma."

Meno yakapikwa meupe kama sinki jipya. Mzee akayarudisha baada ya wiki, anasema wajukuu wanamwogopa. Yakafanywa upya. Hakuna aliyemwomba dada samahani. Mimi ningeirudisha ile kadi kwa njia nyingine. Yeye tangu siku hiyo, kisanduku chochote chenye neno "Maelezo" hakukigusa tena. Alikisoma. Kikiwa kitupu, alikiacha kitupu.

Fomu ya benki nayo ina kisanduku chini. Kimeandikwa "Maelezo". Dada akajua ni cha karani.

Akakiacha kitupu miezi hamsini na miwili.

Sasa kuna Mzee Koleo. Huyu ni fundi wa meno wa zamani, ana karakana yake ghorofani, juu ya duka la magodoro. Mikono ilianza kumtetemeka mwaka juzi. Fundi wa meno akitetemeka kazi imeisha, jino linakaa upande. Akamwambia dada, "Mwanangu, chukua wewe. Chumba, meza, tanuri, mota ya kusagia, na madaktari wangu sita wanaoniletea kazi. Niletee laki na nusu ya kushika nafasi, nyingine tutalipana taratibu."

Dada alikitaka kile chumba kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akitaka. Hakusema. Lakini alikuwa anapita mtaa ule wakati hauko njiani kwake.

Tatizo likawa kibali. Karakana ya meno lazima iwe na kibali, na kibali hakitoki kwa mtu mwenye deni la chuo. Unatakiwa uwe na barua kwamba umemaliza. Mzee Koleo naye alikuwa na mtu wa pili anayekitaka chumba, muuza makava ya simu, mwenye kodi ya mwaka mzima mkononi. "Nakusubiri mpaka Ijumaa saa kumi," akamwambia dada. "Barua na laki na nusu. Zaidi ya hapo mwenye nyumba atanitoa mimi, amwingize yeye."

Dada akafungua daftari. Kilichobaki: elfu thelathini na tisa na mia moja. Akachukua elfu arobaini ya deni na laki na nusu ya Mzee Koleo, akaziweka kwenye bahasha mbili. Ijumaa asubuhi akaomba ruhusa kazini. Mimi nikamsindikiza kwa sababu ya zile bahasha.

Ofisi ya mikopo, pale pale benki, ina viti vya plastiki vilivyofungwa kwa mnyororo, sijui nani angeiba kiti kama kile. Tulikaa saa moja na nusu. Karani alikuwa kijana wa rika langu, sweta, anatafuna kifuniko cha peni. Dada akamsukumia namba yake kwenye tundu la kioo.

"Nimekuja kumalizia," akasema. "Thelathini na tisa na mia moja."

Karani akabonyeza. Akatazama. Akabonyeza tena.

"Dada, unadaiwa milioni moja, laki mbili ishirini na tatu elfu, mia nne na sitini."

"Hiyo siyo yangu. Angalia namba."

Akasoma namba kwa sauti. Ilikuwa yake. Akasoma na jina, lake.

Dada akafungua daftari akalibandika kwenye kioo. "Nalipa sitini na tano kila mwezi. Rejesho ni arobaini na tano. Hizi ishirini ziko wapi?"

"Zipo," karani akasema. "Zimekaa pembeni hapa. Milioni moja na arobaini elfu. Hazijaguswa."

"Zimekaa zinafanya nini?"

"Zinasubiri."

"Zinasubiri nini?"

"Maelezo yako."

Nikasogea mpaka kwenye kioo. "Wewe! Milioni ya mtu imekaa kwenye benchi kama mgonjwa, miaka minne, na hakuna hata mmoja humu aliyeuliza ni ya nini?"

"Kaka, punguza sauti. Kanuni sikutunga mimi."

"Hakuna anayetunga. Zimejitunga zenyewe! Na riba je, nayo ilikuwa inasubiri?"

"Riba haisubiri."

"Ahaa! Riba ina haraka, hela yetu ndiyo mvivu!"

Mlinzi akainuka mlangoni. Dada hakugeuka. "Mdogo wangu, kaa chini."

"Sikai."

"Basi simama kimya."

Karani akachukua fomu tupu, akaigeuza nyuma, akaweka kidole kwenye maandishi madogo kama wadudu. Dada akasoma taratibu. Ilisema malipo yanayozidi rejesho la mwezi yatawekwa kando mpaka mkopaji aeleze yatumike kwa marejesho yajayo au kwa kupunguza deni la msingi. Aeleze kwenye kisanduku cha maelezo.

"Hiki siyo cha karani?" dada akauliza.

"Hapana dada. Ni cha anayelipa."

"Mimi nilijua ni chenu."

"Sisi tunasoma tu," karani akasema.

Dada akaivuta ile fomu karibu. Nilimwona anatazama kile kisanduku jinsi anavyotazama jino lililokaa vibaya, hajakasirika, anatafuta tu lilianzia wapi kupinda.

Akauliza, zile za pembeni zikiingizwa leo, kinabaki nini. Karani akabonyeza. Laki moja themanini na tatu elfu, mia nne na sitini. Akauliza, haziwezi kuhesabiwa kuanzia siku zilipolipwa? Karani akasema kuna fomu ya malalamiko, inachukua siku tisini, na kwa malipo yasiyo na maelezo yeye hajaona aliyeshinda. Dada akauliza, na taarifa za mwaka, mbona hazikumfikia? Zilitumwa. Wapi? Akasoma. Anwani ya chuo.

Tukatoka nje, tukakaa kwenye ngazi.

"Nieleze taratibu," nikamwambia, "kabla sijarudi humo."

"Nadaiwa laki moja arobaini na nne zaidi ya nilivyotakiwa. Hiyo ni riba ya deni ambalo lilitakiwa liwe limepungua, ila halikupungua."

Nikafikiri. Ofisini kwangu nakodi mitungi ya gesi. Hesabu ni kwa siku, mpaka urudishe dukani. Mwaka jana nilimpa jamaa mtungi aurudishe, akauacha nje ya duka kwenye kona, hakumwambia mtu. Siku kumi na moja mtungi umekaa mlangoni kwa mwenyewe, na mimi nahesabiwa.

"Ni ule mtungi," nikasema.

"Ndiyo huo. Nimerudisha mitungi hamsini na miwili, nikaiacha kwenye kona."

Nikapata wazo. "Nakala zako zote unazo. Visanduku ni vitupu. Peni ni ile ile ya bluu. Jaza sasa hivi, zote, halafu tuingie na malalamiko."

Akanitazama juu ya miwani. "Na nakala zao walizonazo kabatini, utaingia dirishani ukawajazie?"

Sikuwa nimefikia hapo.

Akafungua daftari ukurasa mpya. Aliandika laki moja themanini na tatu na mia nne sitini, akazidisha, akagawa. "Riba yake ni mia tisa na kumi na saba kwa mwezi," akasema. "Ndogo. Ingekuwa ni riba peke yake, ningeweza kulipa hata mwaka mzima, haniumi. Laki na nusu ningempelekea Mzee Koleo."

"Basi mpelekee."

"Bila barua hakuna kibali. Bila kibali, ile karakana ni chumba tu chenye tanuri."

"Na ukilipa deni, unapata barua na hela ya chumba huna."

"Ndiyo."

"Sasa?"

Alizishika zile bahasha mbili, moja nyembamba moja nene. Chini barabarani mtu alikuwa anabishana na mwenye baiskeli. Dada akasema, "Hela naweza kuipata tena. Barua inatoka mahali pamoja tu." Akazimwaga zote mbili kwenye bahasha moja.

Kwenye kaunta ya kulipia alijaza fomu kwa herufi kubwa. Alipofika kwenye kisanduku, peni ilisimama hewani kidogo. Halafu akaandika: "Hela hii, pamoja na milioni moja na arobaini elfu iliyowekwa pembeni, yote ipunguze deni la msingi leo hii na kulimaliza. Isisubiri kitu." Alikandamiza mpaka ikaonekana kwenye nakala ya tatu.

"Dada, kisanduku kina mistari miwili," karani akasema.

"Nimeona," akajibu, akamalizia pembeni mwa karatasi.

Saa nane na dakika arobaini barua ikatoka, na mhuri haujakauka. Kwenye mkoba zimebaki elfu sita, mia tano na arobaini.

Mzee Koleo tulimkuta amekaa kwenye kigoda chake mbele ya meza, mikono ameikalia ili isitetemeke. Ukutani mataya ya plasta yamepangwa kwenye rafu, ya miaka thelathini, kila moja na namba. Alisoma barua kwa kioo cha kukuzia, yote, mpaka anwani.

"Vizuri," akasema. "Na kishika nafasi?"

"Kimeingia kwenye barua, mzee."

"Chote?"

"Chote."

Akakunja barua akamrudishia. "Mwanangu, mimi nadaiwa kodi miezi miwili. Hii barua ningeweza kumpa mwenye nyumba?"

"Hapana, mzee."

"Basi umeniweka pabaya. Na mimi nakuweka pabaya."

Nilifungua mdomo. Dada akanikanyaga mguu, na viatu vyake vya kazini vina soli ngumu.

Saa kumi kamili muuza makava akapanda ngazi, anahema, na hela kwenye mfuko wa nailoni. Alipima ukuta kwa hatua. Akauliza haya meno ya ukutani yanaondoka lini. Chumba kikaenda hivyo, mbele yetu, muda wa kunywa chai. Dada alisimama dirishani akitazama chini kwenye magodoro. Hakulia, kama mtu anasubiri hilo. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

Yule mtu aliposhuka, dada akageuka. "Na tanuri, mzee?"

"Tanuri limefanyaje?"

"Amelinunua?"

Mzee Koleo akacheka. "Atapika makava? Amenunua kuta nne na mlango."

"Tanuri, meza na mota. Bei gani?"

Mzee akatazama vitu vyake kama mtu anayechagua mtoto wa kumtuma. "Laki tatu."

"Nitalipa ishirini kwa mwezi. Ishirini nimezoea." Halafu akauliza kwa uangalifu, "Riba asilimia ngapi?"

"Riba?" Mzee Koleo akaingiza vidole mdomoni, akatoa meno yake ya juu, akayaweka mezani mbele ya dada. Midomo ikazama ndani. "Riba ndiyo hii. Yanacheza. Miaka saba nimeona aibu kumwambia mtu."

Dada akayainua kwenye mwanga, akayageuza. "Fizi imerudi nyuma. Nitayawekea tandiko jipya kwa ndani, yashike."

"Na wale madaktari sita?" nikauliza mimi, maana hakuna aliyekuwa anauliza.

"Watafuata tanuri," Mzee akasema bila meno, ikabidi arudie.

Tanuri liko kwangu. Kibali kinataka chumba chenye maji, paa na sakafu ya saruji, na stoo ya nyuma ya karakana yangu ina vyote hivyo, ila ilikuwa na vyuma vyangu. Vyuma sasa viko nje chini ya turubai, na vinapata kutu, nimemwambia. Kati yangu na yeye nimejenga ukuta ili cheche zisifike kwenye nta. Vumbi la plasta linapita hata hivyo. Wateja wangu wa mageti wanaondoka na suruali nyeupe. Nimekasirika mara nyingi na nimenyamaza mara chache.

Mchana bado anaenda hospitali. Jioni na Jumamosi yuko stoo. Kati ya wale madaktari sita wamekuja wanne. Tarehe tano anampelekea Mzee Koleo ishirini yake, na kikaratasi: "Elfu ishirini. Ya tanuri. Ipunguze deni lenyewe." Mwezi wa tatu alipata kazi nyingi, akapeleka thelathini na tano. Mzee akamwambia hiyo ya ziada si aiweke tu ya mwezi ujao. Dada akarudisha kikaratasi mezani, akaongeza mstari, akakisukuma tena.

Kadi za kazi amechapisha za kwake mwenyewe, hakutaka zile za kununua. Chini zina visanduku viwili. Kimoja kimeandikwa "Maelezo ya daktari". Cha pili kimeandikwa "Maelezo ya fundi", na ndicho kikubwa.